Ufundi wa Kuzima Ugomvi

Mchezo unaanza saa kumi alasiri, lakini saa tisa na nusu mwamuzi ameshaingia kazini, na kwa kawaida hakuna anayemtazama. Anazunguka uwanja taratibu akiwa bado amevaa traki. Anavuta wavu kuona kama umefungwa sawasawa, anaokota kokoto ndani ya eneo la hatari na kuzitupa nje, anaifuata kwa macho mistari iliyochorwa kwa chokaa. Njiani anasalimia watu. Wazee waliokaa chini ya mikaratusi anawapa shikamoo mmoja mmoja. Mama anayeuza miwa anamuulizia biashara. Vijana wa bodaboda waliopanga pikipiki zao juu ya tuta anagonganisha nao ngumi. Asiyemjua atadhani ni mtu anayevuta muda. Lakini hao ndio watakaokuwa wanampigia kelele dakika ya 70, na si rahisi kumtukana mtu aliyekuamkia alasiri hiyohiyo nawe ukamwitikia marahaba.

Kisha anakwenda kukagua timu. Kwenye viwanja vingi vya vijiji vya Lushoto hakuna vyumba vya kubadilishia nguo. Timu moja inavalia nyuma ya darasa, nyingine chini ya mti. Wachezaji wanapanga mstari na kuinua mguu mmoja baada ya mwingine, naye anapitisha kidole gumba kwenye meno ya daluga akitafuta plastiki iliyovunjika na kubaki na ncha. Anawavua pete, bangili na cheni. Sheria ya 4 ya mchezo inamtaka afanye hivyo. Lakini akiwa ameinama pale, macho na masikio yake yana kazi nyingine. Anasikia nani anaongea kupita kiasi na nani amenyamaza. Anaona kijana ambaye kila mara anageuza shingo kuutazama mti wa wapinzani, wala hatabasamu. Anamuuliza swali jepesi, kama mguu umepona, na kwa jinsi anavyojibiwa anajua kama huyu ni wa kumwekea jicho. Mpira haujapigwa hata mara moja, na yeye tayari ana majina mawili matatu kichwani.

Ufundi huu naupenda kuliko sehemu nyingine yoyote ya mpira. Goli zuri linaonekana na kila mtu, hata aliyefika uwanjani kwa bahati mbaya. Kazi ya mwamuzi mzuri inadai uvumilivu kwa mtazamaji, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi hiyo ni mambo ambayo hayakutokea: ngumi ambayo haikurushwa, shati ambalo halikukunjwa, jiwe lililobaki chini. Mashabiki wanarudi nyumbani wakisema leo mechi ilikuwa tulivu, kana kwamba utulivu ule ulishuka wenyewe na ukungu kutoka msitu wa Magamba.

Na milima hii ya Usambara inaongeza ugumu wake. Ukitoka Mombo, barabara inapanda kwa kona kali kama kilomita 33, ikipita Soni, mpaka Lushoto mjini, kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,400. Ardhi tambarare Usambara ni mali. Ikipatikana inalimwa kabichi, karoti, viazi, nyanya. Uwanja wa mpira unapata kile kilichobaki. Kwa hiyo viwanja vingi vimechongwa ubavuni mwa mlima, upande mmoja tuta, upande wa pili bonde. Mpira ukitoka upande wa bonde unashuka na watoto wanashuka nao, na uwanja mzima unasubiri. Mwamuzi wa tambarare hana habari ya dakika hizo. Ni dakika za hatari kuliko zote, sababu mpira haupo, wachezaji 22 wamesimama wakitazamana, na aliyekanyagwa ana nafasi ya kukumbuka kwamba alikanyagwa. Mwamuzi wa huku hatazami bondeni mpira ulikokwenda. Anaupa mgongo, anawatazama watu. Akiona wawili wamesogeleana anaanza kutembea kuelekea kwao bila haraka, anarekebisha soksi, anamuuliza mmoja dakika zimebaki ngapi kwa hesabu yake. Watoto wakirudi na mpira wanakuta mambo kama walivyoyaacha.

Halafu kuna undugu. Timu za vijiji jirani zinafahamiana mno. Beki na mshambuliaji wanaokabana wamesoma shule moja, wanauza mboga kwenye gulio moja, pengine mjomba wa mmoja amemuoa dada wa mwingine, au familia zao zina kesi ya mpaka wa shamba kwa mtendaji wa kijiji. Jijini wachezaji wakikunjana, jioni kila mmoja anapanda basi lake. Huku wanakutana kesho yake asubuhi kwenye njia ileile ya mguu, mmoja akipanda na mwingine akishuka. Ugomvi wa uwanjani ukiachwa uive, unaweza kukaa vijijini miaka. Ndiyo maana nasema mwamuzi wa ligi ya wilaya amebeba mzigo ambao mwenzake wa Ligi Kuu, pamoja na kamera zake zote, hana.

Upo mchezo mmoja duniani ambao kwa muda mrefu ulichagua njia tofauti kabisa, nao unanisaidia kuelewa thamani ya huyu wa kwetu. Ni mpira wa magongo wa barafuni. Afrika Mashariki haujulikani sana, ingawa Nairobi upo: Hoteli ya Panari kwenye Barabara ya Mombasa ilifungua uwanja wa barafu mwaka 2005, na humo ikazaliwa timu ya Ice Lions, Wakenya wanaoteleza juu ya vyuma vyembamba wakikimbiza kisahani cheusi cha mpira mgumu. Kwa muda mrefu walikuwa hawana timu nyingine ya kucheza nayo, wakawa wanajigawa wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 2018 walipelekwa Kanada kucheza na timu ya huko, na mwaka 2024 Kenya ikapokelewa katika shirikisho la kimataifa la mchezo huo.

Kwenye ligi kubwa ya Amerika Kaskazini, NHL, wachezaji wawili wakitupa glavu chini na kuanza kupigana makonde, mara nyingi hawafukuzwi mchezoni. Tangu mwaka 1922 kitabu cha sheria kimewapa adhabu ya dakika tano: wanakwenda kukaa kwenye kibanda cha pembeni, muda ukiisha wanarudi kucheza. Hoja ya wanaoutetea utaratibu huo ni kwamba wachezaji wanalindana. Ukimchezea rafu nyota wetu, utakutana na jitu letu. Klabu ziliajiri watu kwa kazi hiyo hasa, mabingwa wa ngumi waliovaa viatu vya barafu. Miongoni mwao alikuwa Derek Boogaard, aliyefariki Mei 2011 akiwa na miaka 28. Ubongo wake ulipochunguzwa ulikutwa na ugonjwa unaotokana na kupigwa kichwani mara kwa mara. Habari yake ni ya kuhuzunisha, na inanifanya nisiweze kuikubali hoja ile, hata nikielewa ilikotoka.

Lakini haki isemwe. Ligi hiyohiyo imekuwa ikitoa tuzo ya uungwana, Lady Byng, tangu mwaka 1925, na Wayne Gretzky, anayetajwa na wengi kuwa mchezaji bora kuliko wote, aliichukua mara tano. Baada ya mfululizo wa mechi za mtoano timu zote mbili zinapanga mistari na kupeana mikono, mtu kwa mtu, hata kama mmoja ana jino lililotolewa na mwenzake wiki iliyopita. Na waamuzi wao wa mistari ni mafundi wa kweli. Ngumi zikianza hawarukii katikati. Wanasogea karibu, mmoja kila upande, wanasubiri. Wapiganaji wakichoka, au mmoja akianguka, wanaingia kwa pamoja na kuwatenganisha, huku waamuzi wakuu wakiwa mbali kidogo wanaandika nani alianza na nani alijiunga. Anayejiingiza kwenye ugomvi wa wawili, yaani mtu wa tatu, anafukuzwa moja kwa moja. Mwenye kuona mbali alitunga kanuni hiyo. Watu wawili wakipigana wanachoka. Wa tatu akiingia, inakuwa vita ya timu.

Mwamuzi wa Lushoto hana kibanda cha pembeni, hana ukuta wala kioo kati ya uwanja na watazamaji. Kuna kamba ya katani iliyofungwa kwenye vigingi, pengine hata hiyo haipo. Kwenye mpira wa miguu, wakubwa wa sheria waliruhusu mwaka 2017 kwamba ligi za chini na za vijana zinaweza kumtoa mchezaji kwa muda, kama dakika kumi hivi, apoe ndipo arudi. Ni ruhusa ambayo ningependa wilaya zetu ziitazame kwa makini. Kwa sasa alichonacho ni filimbi, kadi mbili, saa, daftari dogo, na mwili wake mwenyewe.

Niliwahi kutazama mchezo wa ligi ya wilaya upande wa Soni nikiwa nimekaa juu ya tuta, na nikaamua kumfuata mwamuzi tu, mpira niuache uende unakokwenda. Kazi ile inaonekana vizuri ukifanya hivyo.

Dakika ya 23 kiungo mkabaji wa wenyeji, namba 6, alichelewa na kumchota miguu namba 10 wa wageni, kijana mwepesi aliyekuwa akiwasumbua tangu mwanzo. Mpira ulikuwa umeshamfikia winga wao aliyekuwa peke yake. Mwamuzi alipeta. Alinyoosha mikono yote miwili mbele, mchezo ukaendelea. Wengi wanaishia hapo, na kosa la wengi huanzia hapo. Huyu, huku anakimbia kufuata shambulizi, alipita karibu na kijana aliyekuwa chini na kusema kwa sauti ambayo hata sisi wa kwenye tuta tuliisikia: “Nimeiona, kumi! Nimeiona! Sita, tutaongea!”

Ni maneno machache hayo, nayo yamebeba nusu ya ufundi. Kijana aliyekwatuliwa analala pale chini na swali moja, kama kuna mtu aliyeona. Akiamini hakuna, ataitafuta haki yake kwa kiwiko kabla ya mapumziko. Akijua rafu imeonekana, anainuka na kukung'uta vumbi. Mpira ulipotoka, mwamuzi alikwenda moja kwa moja kwa namba 6, akasimama umbali wa mikono miwili, akaandika kwanza, akainua kadi ya njano juu ya kichwa chake mwenyewe. Hakuipeleka usoni mwa mchezaji. Kisha akaelekeza kidole mahali rafu ilipotokea, nyuma kabisa, ili uwanja mzima ujue adhabu hii ni ya lile na si ya jambo jingine.

Kadi hizo zenyewe zilizaliwa kwenye ugomvi. Juni 1962, huko Santiago, Mwingereza Ken Aston alichezesha Chile na Italia kwenye Kombe la Dunia, mchezo ambao wachezaji walipigana mpaka polisi wakaingia uwanjani, na Mtaliano aliyefukuzwa akakataa kutoka hadi alipotolewa na askari. Miaka minne baadaye, Aston akiwa msimamizi wa waamuzi, nahodha wa Argentina Antonio Rattín alitolewa na mwamuzi Mjerumani kwenye uwanja wa Wembley akabaki amesimama, hawaelewani lugha. Aston alikuwa akiendesha gari mjini London akifikiria habari hiyo, akasimama kwenye taa za barabarani. Njano, jiandae. Nyekundu, simama. Kombe la Dunia la Mexico mwaka 1970 likaanza kutumia kadi. Nyekundu ya kwanza kwenye mashindano hayo ilimpata Carlos Caszely wa Chile mwaka 1974. Zilibuniwa kwa ajili ya watu wasiosikilizana, na ni chombo kizuri. Lakini waamuzi ninaowaheshimu wanazitumia kwa uchache, na kabla ya kadi wanatumia vingine.

Cha kwanza ni filimbi. Msikilize mwamuzi mwenye uzoefu kwa nusu saa na utaacha kutazama. Utajua kilichotokea kwa sikio. Mpira umetoka tu, inalia kidogo, karibu haisikiki. Faulo ya kawaida, mlio mfupi mkavu. Rafu mbaya, mlio mrefu unaokata, unaowafikia hata walio mbali na mpira ili wasimame walipo. Anayepuliza kwa nguvu kila mara anakuwa hana sauti ya kutumia siku ya hatari. Filimbi nyingi za siku hizi hazina kile kigololi cha ndani. Aliyekiondoa ni mwamuzi wa mpira wa kikapu kutoka Kanada, Ron Foxcroft, ambaye kigololi kilimkwama akiwa kwenye mchezo mkubwa Brazil mwaka 1984, akapuliza na isilie. Akatengeneza yake isiyo na kigololi, ikaingia sokoni mwaka 1987. Kwenye kipupwe cha Lushoto, mwezi wa saba, midomo ikiwa imekauka na manyunyu yanaingia kila mahali, filimbi isiyokwama ni rafiki.

Cha pili ni miguu. Waamuzi hukimbia kwa mshazari, kutoka kona hadi kona, ili mpira uwe kati yao na mshika kibendera. Utaratibu huo aliusimika Stanley Rous, Mwingereza aliyekuja kuwa rais wa FIFA. Kwenye uwanja wa mteremko mshazari mmoja ni kupanda na mwingine ni kushuka, na mwamuzi wa Usambara anachagua kwa hesabu. Nilimwona yule wa Soni kipindi cha pili akibaki upande wa juu zaidi, akiacha upande wa bonde kwa msaidizi wake. Toka juu aliona viwiko, na toka juu ni rahisi kushuka mbio. Mchezaji anavumilia uamuzi wa mtu aliyekuwa mita kumi kuliko wa mtu aliyekuwa mita arobaini, hata kama wote wawili wameamua sawa.

Cha tatu ni ulimi, na huu ndio mgumu. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na sijaona kazi ambayo msemo huu unaibana kama hii. Namba 9 anakuja akifoka: “Mwalimu, mbona unatuonea sisi tu?” Anamwita mwalimu, na yawezekana kabisa alimfundisha darasa la nne. Mwamuzi hajibu hoja. Anasema, “Nahodha wako yuko wapi, mwanangu? Aje yeye.” Nahodha anakuja peke yake, wanatembea pamoja hatua kadhaa, mwamuzi akiwa ameshusha sauti kiasi kwamba nahodha analazimika kushusha yake ili asikie. Mashindano ya Ulaya ya mwaka 2024 yalitumia utaratibu rasmi wa nahodha tu kuzungumza na mwamuzi, na vyombo vya habari vikauita mambo mapya. Vijijini huku ni desturi ya siku nyingi kwamba wengi hawapeleki shauri, wanatuma mmoja.

Mjini Lushoto kipo Chuo cha Uongozi wa Mahakama, ambako watumishi wa mahakama kutoka nchi nzima huja kusomea sheria. Hakimu anasikiliza pande mbili, anaahirisha, anasoma vitabu, anaandika hukumu yake kwa utulivu, na asiyeridhika anakata rufaa. Mwamuzi wa uwanja uliopo ng'ambo ya kilima anahukumu kwa pumzi moja akiwa anakimbia, mbele ya ndugu za washtakiwa, na hukumu inatekelezwa kabla hajafunga mdomo. Wote wawili wanadaiwa kitu kilekile, kwamba leo waamue kama walivyoamua jana.

Narudi kwenye mchezo wa Soni, kwa sababu dakika ya 63 ilikuja ile niliyokuwa naiogopa. Wageni walikuwa nyuma kwa goli moja. Mpira ulikuwa mbali, upande wa pili, na namba 10, ambaye nilidhani yameisha, alimpiga namba 6 kiwiko cha mgongo. Mshika kibendera wa upande wetu, kijana mdogo, alipeperusha kibendera chake kwa nguvu na hakukishusha. Filimbi ikalia ule mlio mrefu. Wachezaji sita saba wakawa wameshafika, mikono kwenye mashati, na juu ya tuta watu wakasimama.

Mwamuzi alikuja mbio, na hatua tano kabla ya kundi akasimama. Hili ndilo jambo ambalo asiyejua analiona kuwa ni woga. Akiingia katikati atasukumwa, na akisukumwa itabidi atoe kadi nyingine. Tena akiwa ndani hatawaona walio nje. Alimwachia msaidizi wake mmoja asogee na kutenganisha, yeye akarudi nyuma kidogo, akawa anatazama tu na kuhesabu kimoyomoyo: nani alikuja kuamua, nani alikuja kuongeza. Msaidizi wa pili, ng'ambo, alibaki kwenye mstari wake akitazama migongo. Kundi lilipolegea alimwita namba 10 kwa kidole, akamtoa nje ya kundi, akatembea naye mpaka mahali ambapo kijana aliwapa mgongo wapinzani na mashabiki wake pia. Akamwacha apumue. Unaona mabega yakishuka. Ndipo akazungumza na mshika kibendera kwa sekunde chache, akarudi, akainua nyekundu kwa mkono ulionyooka, na hakusema neno. Hakumfuata alipokuwa anatoka. Alisimama palepale, amewageukia wengine, mpaka kijana alipovuka kamba.

Kisha namba 4 wa wenyeji, aliyekuja mbio kutoka mbali kusukuma watu, akapewa njano. Watu wa tuta la wenyeji walikuwa wanashangilia nyekundu. Njano ile ikawanyamazisha. Nilipenda sana uamuzi huo. Ulikuwa sahihi kisheria, maana aliyefika kuongeza moto anastahili, na pia uliwaambia wageni kwamba jicho halikuwa limefumba upande mmoja.

Dakika kumi hivi baadaye ukungu ukaingia. Wenyeji wa milima hii wanaujua: unapanda kutoka bondeni, unameza kwanza miti ya chini, halafu goli la chini, halafu watu. Waamuzi wana kipimo chepesi. Unasimama katikati ya uwanja, unatazama goli moja, unageuka unatazama jingine; kama hulioni mojawapo, mchezo unasimama. Alisimamisha. Timu iliyo mbele ilitaka mchezo uishe hapo, iliyo nyuma ilitaka uendelee hata gizani, na wote walikuwa wamemzunguka. Aliwaita manahodha, akawaonyesha saa yake, akasema tunasubiri, na kwamba hata yeye hapendi kurudi nyumbani usiku. Wakasubiri. Ukungu ulipopungua wakamaliza dakika zilizobaki, matokeo yakabaki yaleyale, na mwishoni timu zilipeana mikono.

Si mara zote mambo yanakwenda hivyo, wala si vijijini tu. Machi 2012, kwenye mchezo wa Ligi Kuu kati ya Yanga na Azam, baadhi ya wachezaji wa Yanga walimvamia mwamuzi Israel Nkongo na kumpiga, mbele ya maelfu ya watu, na kadhaa wakafungiwa. Tukio hilo lilitia aibu mpira wetu wote. Wapo vijana ambao waliona picha zile wakaamua filimbi si kazi. Na wapo walioendelea. Jonesia Rukyaa, mwamuzi kutoka Kagera, alipewa mchezo wa Simba na Yanga wa Februari 2016, mzito kuliko yote nchini, akausimamia. Salima Mukansanga wa Rwanda, ambaye amesomea uuguzi na ukunga, Januari 2022 akawa mwanamke wa kwanza kuwa mwamuzi wa kati kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika la wanaume, Zimbabwe na Guinea huko Yaoundé, na mwishoni mwa mwaka huo akawa kwenye orodha ya waamuzi wa Kombe la Dunia nchini Qatar. Nilipowatazama niliona kilekile nilichokiona Soni: hawakuharakisha mkono, walifika mapema, na walipoamua nyuso zao hazikugomba.

Ngazi ya kufika huko ni ndefu, kuanzia mafunzo ya wilaya, daraja la tatu, la pili, la kwanza, kila hatua na mtihani wa sheria 17 na mbio za kupima pumzi, mpaka wachache wapate beji ya FIFA. Wengi wa Lushoto hawatafika. Watachezesha ligi ya wilaya, makombe ya mbuzi, mechi za shule, kwa posho ambayo mara nyingi inachelewa na wakati mwingine inaliwa na nauli ya bodaboda. Inanikera kwamba tunawatafutia vijana jezi za wafadhili kwa bidii kubwa huku mwamuzi akija na filimbi aliyoinunua mwenyewe. Vijiji vinavyotaka mpira bila ugomvi vinapaswa kuanza kumlipa mtu huyu siku hiyohiyo, mkononi, kabla hajapanda pikipiki.

Maana hata akifika nyumbani kazi haijaisha. Usiku huo anaandika ripoti. Nimeonyeshwa nakala ya ile ya Soni, na mistari ya dakika ya 63 imeandikwa kwa mkono uliotulia: mchezaji namba 10 alimpiga kwa kiwiko mgongoni mchezaji namba 6, mpira ukiwa upande mwingine wa uwanja, kosa liliripotiwa na mwamuzi msaidizi aliyekuwa karibu, alionyeshwa kadi nyekundu na akatoka bila kukaidi. Hakuna neno hasira humo, wala makusudi, wala utovu wa nidhamu. Ameandika kilichoonekana na jicho, na hakuacha lile la mwisho linalomfaa kijana, kwamba alitoka bila kukaidi. Ukurasa huohuo una rafu ya dakika ya 23 na kadi yake, na njano ya namba 4 na sababu yake.

Kamati ya nidhamu ilipoketi haikuwa na picha za marudio. Ilikuwa na karatasi hiyo. Kijana alikuja na viongozi wake, wakaeleza kwa kirefu kwamba alianzwa yeye. Wakasomewa dakika ya 23, wakaona aliyemwanza alishaadhibiwa. Akaulizwa kama mistari ya dakika ya 63 ni ya kweli, akasema ni ya kweli. Akafungiwa michezo mitatu, na klabu yake haikukata rufaa.